Kuhamia gari la umeme ukiwa Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayeishi Dar au pembezoni mwake, ana gari la petroli au anataka kununua la kwanza, na kila akifungua simu anakutana na tangazo la gari la umeme. Bei zilizotumika kwenye hesabu ni za mfano. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo chukua bei ya mwezi wako, weka mahali pa yangu, kisha piga hesabu upya. Hesabu zote ni za kuzidisha na kugawanya tu.

Nianze kujiuliza nini kabla ya kuangalia bei?

Jiulize gari lako linalala wapi. Kama una uwanja wako, geti lako na LUKU yako, endelea kusoma. Kama unapaki kando ya barabara Sinza, au unaishi ghorofa ya nne Upanga na gari liko chini kwenye eneo la wote, basi bado hujawa na mahali pa kuchajia, na bila mahali pa kuchajia nyumbani sikushauri ununue gari la umeme leo. Vituo vya kuchajia vya umma Dar ni vichache mno kuvitegemea kwa maisha ya kila siku. Ukipanga, zungumza na mwenye nyumba kwanza, na mkubaliane kwa maandishi nani analipia waya na nani analipia umeme. Watu wameshagombana kwa sababu ya pasi, sembuse gari.

Cha pili ni kilomita. Angalia dashibodi leo, andika namba, angalia tena baada ya mwezi. Wengi hukisia, na hukisia vibaya. Anayetoka Mikocheni kwenda Posta na kurudi ana hesabu tofauti kabisa na anayetoka Kibaha.

Umeme una nafuu kiasi gani ukilinganisha na petroli?

Tuchukue gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 11 kwa lita kwenye foleni za mjini, AC ikiwa imewashwa. Petroli tuiweke shilingi 2,900 kwa lita. Kilomita 1,000 kwa mwezi zinakula karibu lita 91, yaani shilingi 264,000.

Gari la umeme la ukubwa huo linatumia takriban uniti 18 kwa kilomita 100, ukihesabu na ule umeme unaopotea njiani wakati wa kuchaji. Uniti ya LUKU ndiyo kilowati-saa ile ile inayoandikwa kwenye betri za magari, kwa hiyo betri ya kWh 40 inabeba uniti 40. Kilomita 1,000 ni uniti 180. Kwa mteja wa daraja la T1, yaani la matumizi ya kawaida, uniti moja pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356. Jumla ni shilingi 64,000.

Tofauti ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Na kadiri foleni inavyokuwa mbaya ndivyo tofauti inavyokua, maana injini ya petroli inaendelea kunywa mafuta mkiwa mmesimama Buguruni, wakati mota ya umeme gari likisimama haivuti kitu. Kinachoendelea kula ni AC, redio na taa tu.

LUKU yangu ni ya daraja dogo, D1. Kuna tatizo?

Lipo, na wauzaji hawalitaji. Mteja wa D1 hulipa kama shilingi 122 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, ili mradi matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Gari likiongeza uniti 180, umeshavuka mbali, na TANESCO itakuhamishia T1. Tangu hapo hata uniti za friji na taa utazilipa kwa 356.

Kaya iliyokuwa ikitumia uniti 70 kwa shilingi 8,500 hivi itajikuta inalipa karibu 25,000 kwa uniti zile zile. Hiyo shilingi 16,400 inayoongezeka ni gharama ya gari, hata kama haionekani kwenye gari. Kwa hiyo kwa mtu wa D1, kilomita 1,000 zinagharimu kama 80,000 na si 64,000. Bado ni nafuu kubwa kuliko petroli, lakini ni vizuri uijue mapema kabla ya mwenzako nyumbani kukuuliza kwa nini umeme unaisha haraka.

Na gesi je? Watu wote wanafunga mitungi.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu, na ndipo ninapowaomba watu watulie.

Kilo moja ya gesi asilia iliyoshindiliwa ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli. Gari letu la kilomita 11 kwa lita litakwenda kama kilomita 16 kwa kilo. Kwa bei ya shilingi 1,550 kwa kilo, kilomita 1,000 zinagharimu shilingi 97,000. Umeme ni 64,000. Tofauti kati ya gesi na umeme ni shilingi 33,000 tu kwa mwezi.

Kufunga mfumo wa gesi kunagharimu takriban shilingi milioni 2, kutegemea mtungi na aina ya injini. Ukiokoa 167,000 kila mwezi, hela hiyo imerudi ndani ya mwaka. Kwa mtu ambaye tayari ana gari zima la petroli na anaendesha kilomita 1,000 kwa mwezi, gesi inashinda. Najua magari ya umeme yanavutia na nayapenda, lakini sioni sababu ya kumshauri mtu auze gari lake zuri kwa hasara, akope, anunue la umeme, wakati mtungi ungempa sehemu kubwa ya nafuu hiyo kwa gharama ndogo.

Gesi ina udhia wake: foleni za vituoni, buti lililomezwa na mtungi, na ukitoka nje ya miji yenye vituo unarudi kwenye petroli. Mtu anayekaa kwenye foleni ya gesi saa nzima mara kadhaa kwa wiki ajihesabie na muda wake. Dereva wa taksi mtandao anajua saa hiyo ni abiria wangapi.

Basi ni nani hasa anayefaidika na gari la umeme?

Anayenunua gari kwa mara ya kwanza, au ambaye gari lake la zamani limefika mwisho, na ambaye bei ya la umeme mpaka mkononi haipishani sana na bei ya la petroli la umri huo huo. Huyo hana cha kurudisha. Anaanza kuokoa mwezi wa kwanza. Wa pili ni anayeendesha sana mjini.

Tuseme gari la umeme linazidi la petroli kwa shilingi milioni 12. Kwa kilomita 1,000 kwa mwezi, utairudisha hela hiyo kwa miaka 5. Kwa kilomita 2,500, ni miaka 2. Lakini ukilinganisha na gari lililofungwa gesi kwa milioni 2, zile milioni 10 zinazobaki zinarudi kwa shilingi 33,000 kwa mwezi: zaidi ya miaka 25 kwa mwendeshaji wa kawaida, na kama miaka 10 kwa anayeendesha sana. Ongeza nafuu ya sevisi na muda huo utapungua, ila hautapungua kiasi cha kubadilisha jibu.

Vipi kuhusu magari ya haibridi?

Haibridi ina injini ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme. Toyota Aqua inayotunzwa vizuri inaweza kukupa kilomita 20 kwa lita. Kwa petroli ile ile ya 2,900, kilomita 1,000 ni shilingi 145,000. Haihitaji chaja, haihitaji ruhusa ya mwenye nyumba, na Mwanza inafika. Kwa aliyepanga na asiye na mahali pa kuchajia, hili ndilo jibu langu la kwanza.

Nimeona Nissan Note imeandikwa e-POWER, bei nzuri. Ni ya umeme?

Hapana. Magurudumu yake yanasukumwa na mota ya umeme, ni kweli, lakini umeme huo unatengenezwa na injini ya petroli iliyomo ndani ya gari hilo hilo. Haina tundu la kuchajia popote. Ni gari zuri na linabana mafuta, ila utakuwa unaenda sheli kama kawaida. Muulize muuzaji swali moja tu: tundu la kuchajia liko wapi, nitumie picha. Kwenye Nissan Leaf, ambalo ni la umeme tupu, liko mbele kabisa, puani, chini ya kifuniko kidogo.

Leaf ya kWh 40 inatangazwa kuwa inakwenda kilomita 400. Niamini?

Usiamini. Namba ya 400 imetoka kwenye kipimo cha zamani cha Japani kiitwacho JC08, ambacho ni laini sana. Gari lile lile lilipopimwa na mamlaka ya Marekani lilipewa maili 151, yaani kilomita 243. Hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu na maisha ya kweli, nayo ni ya gari jipya.

Sasa chukua gari la miaka 7 ambalo betri yake imebaki na asilimia 80, weka AC muda wote kwa sababu ni Februari Dar, na usiiachie betri ifike sifuri. Panga safari zako kwa kilomita 150 na utaishi kwa amani. Kwa mtu wa Mbezi, Tegeta au Mbagala hiyo inatosha siku mbili bila wasiwasi. Kwa wa Kibaha anayekwenda Posta, kama kilomita 80 kwenda na kurudi, inatosha siku moja, na usiku lazima achaji.

Leaf za zamani za kWh 24 ni habari nyingine. Bei yake inashawishi, lakini betri ikiwa imechoka unaweza kubaki na kilomita 70 au 80 tu. Hilo ni gari la kupeleka watoto shule na kwenda sokoni. Mwenye gari jingine la safari linaweza kumfaa. Mwenye gari moja tu aliache.

Nitajuaje hali ya betri kabla sijanunua?

Washa gari uangalie kulia kabisa mwa dashibodi ya Leaf. Pembeni mwa kipimo cha chaji kuna vistari vidogo vyembamba, 12 gari likiwa jipya. Hivyo havionyeshi chaji. Vinaonyesha afya ya betri. Watu wengi wanavichanganya, wanaona vistari vikubwa vimejaa wanadhani betri ni nzima. Kistari cha kwanza kikipotea maana yake karibu asilimia 15 ya uwezo imeshakwenda. Gari lenye vistari 9 limechoka, lipe bei ya gari lililochoka.

Vistari peke yake havitoshi. Kuna programu ya simu iitwayo LeafSpy: unachomeka kifaa kidogo cha Bluetooth kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, na inakuandikia asilimia ya afya ya betri pamoja na volti ya kila seli. Angalia seli zote zinavyolingana. Pakiti ya Leaf ina jozi 96 za seli, na jozi moja dhaifu inaweza kulizima gari wakati kipimo bado kinaonyesha chaji ipo. Ukiagiza Japani, mwambie wakala akutumie picha ya dashibodi ikiwa imewashwa na picha ya skrini ya programu hiyo. Anayekataa kutuma, acha gari lake.

Na uliza gari lilikuwa linaishi wapi. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji. Inategemea hewa tu. Joto ndilo adui yake mkubwa, na Dar joto tunalo mwaka mzima. Kwa hiyo ukishalinunua, lipaki kivulini, na usiliache juani likiwa limejaa asilimia 100. Chaji mpaka 80 kwa siku za kawaida, jaza siku unayosafiri mbali. Magari ya BYD na mengine mapya mengi ya Kichina yana kupozwa kwa maji, na mengi yao hutumia betri za aina ya fosfeti ya chuma ambazo hustahimili zaidi. Ila kwa kuwa ni mapya, bei zake ni za juu zaidi.

Betri ikifa kabisa?

Kwa kawaida haifi ghafla, inapungua. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000 kwa betri, lakini usitegemee dhamana hiyo ikufuate kwenye gari la mtumba lililotoka Japani. Habari njema ni kwamba pakiti imeundwa kwa moduli: Leaf ya kWh 24 ina moduli 48, na fundi anayejua anaweza kubadilisha zile mbovu tu. Habari mbaya ni kwamba fundi wa namna hiyo hapatikani kila mtaa. Tenga hela ya betri kwenye bajeti yako tangu siku ya kwanza, kidogo kidogo kutoka kwenye ile unayookoa kwenye mafuta.

Naweza kuchajia kwenye soketi ya kawaida?

Unaweza, kwa masharti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nyumba za watu zinaweza kuungua.

Chaja ndogo ya kubeba ya ampea 10 inavuta kilowati 2.3. Ukichomeka saa 2 usiku ukachomoa saa 12 asubuhi umeingiza uniti 23, ambazo ni zaidi ya kilomita 120. Kwa wakazi wengi wa mjini hiyo inatosha na kubaki.

Tatizo ni ile kebo inayokuja na gari kutoka Japani. Ni ya volti 200, na inavuta hadi ampea 15. Kichwa chake ni cha soketi za kwao. Kinachofanyika mitaani ni kukata kichwa hicho na kufunga plagi yetu ya pini tatu, ambayo ni ya ampea 13. Pasi inavuta hivyo dakika chache na inapumzika. Gari linavuta saa 10 mfululizo, kila usiku. Nimeona soketi ya namna hiyo: plastiki nyeupe imegeuka kahawia kuzunguka tundu la chini, na ukisogeza pua unasikia harufu ya kuungua. Mwenye nyumba alikuwa anafikiri ni uchafu.

Fanya hivi. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Avute waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi hadi mahali pa kupaki, wenye breka yake na kinga ya kukata umeme ukivuja. Afunge soketi ya viwandani ile ya bluu ya ampea 16 au 32, na waya ulingane nayo. Apime ethi kwa kifaa, asikwambie kwa mdomo tu kwamba ipo, kwa sababu nyumba nyingi zina waya wa ethi unaoishia kwenye mchanga mkavu, na chaja nyingi hukataa kufanya kazi ethi ikiwa mbovu. Ekstensheni usitumie kabisa.

Chaja ya ukutani ya kilowati 7 ni raha, lakini hakikisha gari lako linaweza kuipokea. Leaf nyingi za soko la Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3 tu. Ya 6 ilikuwa nyongeza ya kulipia. Ukifunga ukutani kilowati 7 kwa gari la 3, umelipia sifa.

Umeme wa TANESCO ukikatika?

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115, na wa kwanza uliingia kwenye gridi mwaka 2024. Uzalishaji umeimarika sana. Kinachotukata sasa mara nyingi ni transfoma ya mtaa, nguzo na nyaya. Mwenye gari la umeme hujifunza kutosubiri betri ikaribie kwisha: chomeka kila jioni, usishuke chini ya asilimia 30, na usiku mmoja bila umeme hautakusumbua.

Kuchajia kwa jenereta ndogo hakuna maana. Lita moja ya petroli itakupa uniti 2 au zaidi kidogo, kwa hiyo uniti moja inakugharimu zaidi ya shilingi 1,100. Ni akiba ya dharura tu.

Nitaweza kwenda nalo Morogoro?

Ni karibu kilomita 195. Gari jipya lenye betri ya kWh 60 litakwenda. Leaf ya mtumba ya kWh 40 itakulazimisha usimame Chalinze kutafuta umeme, na ukilala Morogoro ukichajia soketi ya gesti usiku kucha, zile uniti 23 hazitoshi kukurudisha Dar. Barabara kuu nayo inakula zaidi ya mjini, kwa sababu upepo kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa unapambana nawe na hakuna kufunga breki mara kwa mara kunakorudisha umeme kwenye betri.

Panda SGR. Morogoro ni chini ya saa 2, Dodoma chini ya saa 4, na hiyo treni yenyewe inatumia umeme. Ukienda kijijini Desemba na familia nzima, kodi gari siku hizo. Hata ukilipia, nafuu ya mwaka mzima inabaki kuwa yako.

Na mvua zikinyesha, Jangwani ikijaa?

Pakiti ya betri imefungwa isiingize maji, na gari halina injini ya kunyonya maji ikazima katikati ya dimbwi. Dimbwi la kawaida si tatizo. Lakini maji yanayotembea hayabagui gari. Likizama, hasa kwenye maji ya chumvi, usiliwashe wala usilichaji, na usilipaki karibu na nyumba. Baada ya kimbunga Ian huko Florida mwaka 2022, baadhi ya magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya bahari yaliwaka moto siku kadhaa baadaye. Wakazi wa pwani ya Msasani na Kigamboni walikumbuke hilo.

Matuta na mawe ndiyo ya kuogopa zaidi. Betri iko chini ya sakafu na gari ni zito. Kwa barabara za Goba ndani, Madale au Chanika, nenda ukapime kwa macho kabla hujanunua gari lenye tumbo la chini.

Nani atalitengeneza?

Hakuna oili ya injini, plagi, fani belti wala gia za kubadilisha. Breki zinadumu. Bushi, shokapu na tairi zinakwisha kama kawaida, pengine haraka zaidi kwa uzito, na fundi wako wa sasa anaziweza. Asichokiweza ni kile chenye waya nene za rangi ya chungwa: hapo pana volti 350 hadi 400, na zinaua. Mwambie wazi asiziguse.

Spea za bodi ndizo kilio. Ukizunguka Kariakoo na Gerezani utapata taa ya IST kwa kila rangi; taa ya Leaf utaagiza. Ndiyo maana nasisitiza bima kubwa, na uisome: betri imo? Gari likiungua wakati linachajiwa, wanalipa?

Ushuru wake ukoje?

Tumia kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, na kumbuka TRA huangalia thamani iliyo kwenye mfumo wao, si risiti yako. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya petroli hufuata ukubwa wa injini, na la umeme halina injini, kwa hiyo mwombe wakala wako wa forodha akuhakikishie kwamba gari linaingizwa kwa msimbo wa magari ya umeme tupu, 8703.80, na akupe makadirio kwa maandishi kabla hujalipa Japani. Umri nao unauma: gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na la zaidi ya miaka 10 asilimia 30. Leaf za kwanza za kWh 40 ziliuzwa Japani Oktoba 2017, hivyo hizo za kwanza hufikisha miaka 8 mwishoni mwa 2025. Tofauti ya mwaka mmoja kwenye kadi inaweza kufuta punguzo lote ulilofurahia.

Rwanda ilisamehe kodi nyingi za magari ya umeme mwaka 2021. Kenya mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya moto, nusu bei usiku. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kabisa kuingiza magari binafsi ya mafuta. Natamani TANESCO na EWURA watuwekee nasi bei ya usiku. Umeme wa Rufiji unaokosa mtumiaji saa 8 usiku ungepata kazi.

Magari ya bei rahisi kutoka China moja kwa moja?

Uliza mambo mawili: usukani uko upande gani, na tundu la kuchajia ni la aina gani. Yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China yana usukani wa kushoto na tundu la GB/T. Ya kuuzwa nje huwa na CCS2. Ya Japani yana CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Kabla hujanunua, nenda kwenye kituo cha kuchajia kilicho karibu nawe ukatazame kwa macho vichwa walivyonavyo.

Gari likitoka bandarini nifanye nini kwanza?

Nenda na betri ndogo ya volti 12 iliyojaa, au waya za kubusti. Gari la umeme nalo lina betri ya kawaida inayowasha kompyuta zake, na baada ya wiki kadhaa melini mara nyingi imekufa. Hapo gari linaonekana bovu kabisa, kumbe halina kasoro. Pima tena vistari na LeafSpy, linganisha na picha ulizotumiwa. Dashibodi itakuwa ya Kijapani, na kwenye magari mengi ya soko la ndani haibadiliki kwa kubonyeza menyu, kwa hiyo jifunze alama za onyo kwa picha. Kisha liendeshe hadi nyumbani taratibu ukiangalia chaji inashuka kwa kiasi gani kwa kila kilomita 10. Usiku huo wa kwanza, baada ya saa moja ya kuchaji, ishike plagi kwa mkono. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, chomoa, na fundi umeme arudi kesho.